Amida, Zaburi au hitbodeduti: uchague sala ipi ya Kiyahudi, na kwa hali gani

Anayetaka kuomba kwa moyo katika mapokeo ya Kiyahudi hukutana na njia tatu mara nyingi kuliko nyingine: Amida, yaani sala rasmi ya kila siku, usomaji wa Zaburi, na hitbodeduti, mazungumzo ya faragha na Mungu kwa maneno yako mwenyewe. Wengi huuliza ipi ina nguvu zaidi. Likiulizwa hivyo, swali hilo halina jibu. Jiulize kwanza umepungukiwa nini leo. Kuna siku moyo umejaa na maneno hayaji. Kuna siku maneno yapo tele na moyo uko sokoni. Na kuna mtu anayelia mbele za Mungu wiki moja ya ugonjwa, kisha miezi sita hanyanyui hata neno.

Kumbukumbu la Torati 11:13 linaagiza kumtumikia Mungu kwa moyo wote. Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya wanazuoni wa Kiyahudi, katika kitabu chake cha Taaniti ukurasa wa 2a, inauliza utumishi wa moyoni ni upi, na inajibu kwamba ni sala. Sharti hilo la moyo kuhudhuria huitwa kavana, na linadaiwa katika njia zote tatu. Maimonides, mwanazuoni wa sheria ya Kiyahudi aliyeandika Misri katika karne ya 12, hakulainisha maneno: sala isiyo na kavana si sala, na aliyeisali hivyo arudie. Kavana yenyewe aliieleza kwa hatua mbili: ondoa mawazo mengine yote, kisha jione kama umesimama mbele za Mungu.

Kielelezo cha Kiyahudi cha sala ya moyo ni mwanamke, Hana wa 1 Samweli sura ya 1, na sura hiyo husomwa katika masinagogi siku ya kwanza ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi. Kitabu cha Talmudi kiitwacho Brakhoti, ukurasa wa 31a, kinachota sheria za sala kutoka katika mstari mmoja unaomhusu. Alinena moyoni, kwa hiyo anayesali lazima aelekeze moyo. Midomo yake ilitikisika, kwa hiyo haitoshi kuwaza tu, sharti utamke. Sauti yake haikusikika, kwa hiyo usipaze sauti. Kuhani Eli alimdhania amelewa, kwa hiyo mlevi haruhusiwi kusali. Ona mambo yalivyounganishwa hapo: uchungu wa mwanamke aliyelia kwa kukosa mtoto ndio uliotoa kanuni za namna ya kusimama na kutamka. Anayedhani kanuni ni adui wa moyo asome ukurasa huo kwanza.

Amida: pale unapokosa nidhamu

Sala hii husaliwa mara tatu kwa siku: asubuhi, alasiri na usiku. Asili yake ilikuwa baraka 18, sasa ni 19. Tatu za mwanzo ni sifa, 13 za katikati ni maombi, tatu za mwisho ni shukrani. Siku ya Shabati (Sabato) maombi ya katikati huondolewa na baraka hubaki saba, kwa sababu siku hiyo si ya kuorodhesha shida.

Utaratibu wa mwili ni huu. Simama umeelekea Yerusalemu. Kutoka Mbale, Nairobi au Dar es Salaam ni karibu kaskazini kamili. Rudi hatua tatu nyuma, kisha hatua tatu mbele, kama mtu anayeingia mbele ya mfalme. Unganisha miguu. Sema ule mstari wa Zaburi ya 51 wa kumwomba Mungu aifumbue midomo yako, kisha anza. Kuinama ni mara nne tu: mwanzo na mwisho wa baraka ya kwanza, mwanzo na mwisho wa baraka ya shukrani iitwayo Modimu. Unainama kwenye maneno ya kubariki na kunyooka ufikapo kwenye Jina la Mungu. Sauti iwe ndogo kiasi kwamba sikio lako linasikia na la jirani halisikii. Ukimaliza, rudi hatua tatu nyuma ukianza na mguu wa kushoto, inama kushoto, kulia, kisha katikati.

Anayesoma vizuri humaliza kwa dakika tano hadi kumi. Anayeanza atumie hata 20, na asione aibu.

Sasa, moyo unaingia wapi katika maandishi yaliyopangwa tangu zamani? Unaingia mahali maalumu, na wengi hawapajui. Baraka ya nane ni ya uponyaji: hapo unataja jina la mgonjwa na jina la mama yake. Ya tisa ni ya riziki na mazao ya mwaka. Ya 16, "Sikia sauti yetu", ni mlango wa ombi lolote lile, kwa maneno yako, kabla tu ya kuifunga baraka. Tena baada ya baraka zote, kabla ya kurudi zile hatua tatu, kuna nafasi nyingine ya kusema ya moyoni kwa urefu utakao. Kinachokatazwa ni kupenyeza maombi binafsi katika baraka tatu za mwanzo au tatu za mwisho. Hilo ndilo kosa la kawaida la wageni wa sala hii: uchungu unawazidi, wanaanza kuomba katika baraka ya kwanza, wakati ambapo ni sifa tu.

Tuchukue mvua, maana hapa mtu wa Afrika Mashariki anaguswa moja kwa moja. Nje ya Israeli, ombi la mvua katika baraka ya tisa huanza jioni ya tarehe 4 Desemba (tarehe 5 katika baadhi ya miaka) na hukoma ifikapo Pasaka ya Kiyahudi. Lakini mkulima wa mlimani Elgon anaihitaji mvua ya masika Aprili na Mei, Pasaka ikiwa imepita. Afanye nini? Kisa kama hicho kimo katika Taaniti 14b: watu wa Ninawi walihitaji mvua majira ya joto wakauliza. Wakajibiwa kwamba wao ni kama mtu mmoja mmoja mwenye haja yake, waombe katika "Sikia sauti yetu". Hukumu hiyo ikaingia katika Shulhani Aruki ya Yosef Karo, kitabu cha sheria kilichochapwa Venice mwaka 1565. Baraka hiyo hiyo humwokoa pia aliyesahau ombi la mvua katika msimu wake: akikumbuka kabla ya kuifunga ya 16, analisema hapo na hana haja ya kurudia.

Tatizo kubwa la Amida ni mazoea. Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria ulio msingi wa Talmudi, (Brakhoti 4:4) inamnukuu Rabi Eliezeri: anayeifanya sala yake kuwa jambo la kawaida tu, sala yake si kuomba rehema. Talmudi inafafanua dalili tatu: sala inakuwa mzigo wa kutua, haisemwi kwa sauti ya mwombaji, mtu hawezi kuongeza ndani yake jambo jipya. Hii ya tatu ni kipimo kizuri cha kujipima nacho. Kama kwa mwezi mzima hujaongeza hata jina moja katika baraka ya nane au haja moja katika ya 16, Amida yako imekauka.

Mawazo kutangatanga ni jambo jingine, nalo lisikuvunje moyo. Talmudi ya Yerusalemu, toleo jingine la Talmudi, imehifadhi ungamo la wakuu wenyewe. Rabi Hiya alijaribu siku moja kukaza moyo, akajikuta anawaza ni ofisa gani huingia kwanza kwa mfalme. Shmueli alihesabu ndege. Mwingine alihesabu safu za matofali. Rabi Matanya alikishukuru kichwa chake, kwa kuwa kikifika Modimu kinainama chenyewe. Kwa sababu ya udhaifu huo sheria ikaweka kiwango cha chini: jitahidi katika baraka zote, ikikushinda basi angalau ya kwanza. Kisheria aliyekosa kavana katika ya kwanza alipaswa kurudia, ila Rabi Moshe Isserles wa Kraków aliandika kwamba siku hizi harudii, kwa kuwa hata mara ya pili huenda asikaze moyo. Kwa anayeanza, ushauri wetu ni huu: soma baraka ya kwanza kwa mwendo wa nusu, ukisimama kila baada ya sentensi, na zilizobaki zisome kwa mwendo wako. Wenye kutaka kukaza zote 19 siku ya kwanza kwa kawaida huchoka wakaacha.

Na lugha? Mishna ya Sota (7:1) inaitaja sala hii miongoni mwa mambo yanayosemwa kwa lugha yoyote. Desturi katika sinagogi ni Kiebrania. Anayesali peke yake na haelewi Kiebrania, Kiswahili kinachoeleweka ni bora kuliko silabi tupu, huku akijifunza baraka ya kwanza kwa Kiebrania polepole.

Zaburi: pale unapokosa maneno

Zaburi zina faida moja ambayo Amida haina: hazina saa wala hazina namna ya kusimama. Unasoma umekaa, kwenye daladala, kando ya kitanda cha hospitali. Tena msomaji wa Kiswahili tayari anazo katika Biblia yake. Angalia hesabu ya mistari tu: Kiebrania huhesabu kichwa cha zaburi kuwa mstari, au miwili kikiwa kirefu, kwa hiyo ule mstari wa kufumbuliwa midomo ni 51:15 katika Biblia ya Kiswahili lakini 51:17 katika kitabu cha sala. Wanaosoma pamoja kwa lugha mbili hupotezana hapo.

Kuna migao miwili ya kuzimaliza zote 150. Mgao wa wiki: Jumapili 1–29, Jumatatu 30–50, Jumanne 51–72, Jumatano 73–89, Alhamisi 90–106, Ijumaa 107–119, Shabati 120–150. Mgao wa mwezi ni mwepesi zaidi, siku 30 za mwezi wa Kiyahudi, na Zaburi ya 119 peke yake huchukua siku mbili, ya 25 na ya 26. Mwanzoni shika wa mwezi. Wa wiki ni kwa wastani zaburi 20 na zaidi kwa siku, na mtu mwenye kazi hujikuta anakimbiza kurasa. Shulhani Aruki imeliweka jambo hili mwanzoni kabisa, 1:4: maombi machache yenye kavana ni bora kuliko mengi yasiyo nayo.

Kwa mgonjwa, zinazosomwa sana ni ya 20, 121, 130 na 142. Iko pia desturi ya kusoma mafungu ya Zaburi ya 119 yanayolingana na herufi za jina lake. Zaburi hiyo ina mistari 176: herufi 22 za Kiebrania, kila moja mistari minane. Mgonjwa akiitwa Hana, jina lake kwa Kiebrania lina herufi tatu, heti, nuni na hei. Unasoma 57–64, kisha 105–112, kisha 33–40. Jumla mistari 24. Andika jina kwa Kiebrania kwanza, maana ukifuata herufi za Kilatini utasoma mafungu yasiyohusika.

Hapa pana hatari ambayo lazima isemwe wazi. Zaburi hugeuzwa hirizi kwa urahisi sana. Maimonides, katika sheria zake juu ya ibada za sanamu, anamkemea vikali anayenuizia jeraha kwa kulisomea mstari wa Torati, kwa sababu maneno yaliyotolewa kuponya nafsi anayafanya dawa ya mwili. Msomaji wa zaburi anayetafuta ulinzi kwa thawabu ya kuzisoma, huyo anamruhusu. Tofauti iko kwa msomaji mwenyewe: anaongea na Mungu, au anaamini maandishi yanafanya kazi yenyewe kama dawa? Ukijikuta unaogopa kwamba umeruka mstari na sasa "haitafanya kazi", funga kitabu, sema sentensi moja ya kwako kwa Mungu, ndipo uendelee.

Abayudaya wa Mbale nchini Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, huimba zaburi kwa Kiganda pamoja na Kiebrania. Kuimba ni dawa halisi ya tatizo la kukimbiza kurasa: wimbo hauruhusu ulimi utangulie moyo kwa mbali.

Hitbodeduti: pale unapokosa ukweli

Aliyeifanya njia hii kuwa nguzo ni Rabi Nachman wa Breslov (1772–1810), aliyezikwa Uman, Ukraini. Mafundisho yake ni mafupi na ya vitendo: tenga saa moja kila siku, peke yako, chumbani au shambani, uongee na Mungu kwa lugha unayoizungumza kila siku. Kwa watu wake ilikuwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Kwa msomaji wa makala hii ni Kiswahili, au lugha ya mama yake kama ndiyo anayolilia. Aliona usiku na mahali pasipopita watu kuwa pazuri zaidi.

Unasema nini? Kila kitu: deni, ugomvi wa nyumbani, wivu, uvivu wa kusali, shukrani kwa mlo wa jana. Mpangilio unaosaidia ni shukrani kwanza, kisha kukiri makosa kwa majina yake, kisha haja. Saa moja ni kipimo cha Nachman. Anayeanza aweke dakika 15 kwa kutazama saa, aongee mpaka ziishe. Usimalize mapema kwa kuwa umeishiwa: hapo ndipo yale yaliyofichika huanza kutoka. Maneno yakigoma kabisa, Nachman alisema ligeuze hilo lenyewe kuwa sala, umlilie Mungu kwamba huwezi kusema. Au rudia neno moja tu, "Mola wa ulimwengu", muda wote.

Huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza, inageuka kikao cha mipango: umeanza na Mungu, dakika ya nne unapiga hesabu ya kodi ya nyumba. Dawa yake ni kutamka kwa midomo, kama Hana, na kuanza kila sentensi kwa kumwita Mungu. Ya pili ni nzito zaidi, mtu kujilaumu mpaka anatoka amevunjika kuliko alivyoingia. Nachman alitenganisha moyo uliopondeka na huzuni: moyo upondeke kwa muda uliotengwa, na siku iliyobaki ipitishwe kwa furaha. Kama siku nzima inabaki nyeusi, punguza muda wa kukiri na urefushe wa shukrani.

Kwa ufupi, bega kwa bega

| | Amida | Zaburi | Hitbodeduti |
|---|---|---|---|
| Muda | dakika 5–20, mara tatu kwa siku | hata zaburi moja | dakika 15 hadi saa |
| Lugha | Kiebrania hasa | yoyote | uliyoizoea |
| Watu | bora na minyani, watu kumi | peke yako au kundi | peke yako tu |
| Unatimiza wajibu wa sala ya kila siku? | ndiyo | hapana | hapana |
| Huharibikia | mazoea | kukimbiza, hirizi | mipango, kujilaumu |

Mstari wa nne usipite bila kuangaliwa. Kwa Myahudi, zaburi na mazungumzo binafsi havifuti Amida, hata viwe na machozi kiasi gani. Maimonides aliona sala ya kila siku kuwa amri ya Torati yenyewe. Nachmanides, mwanazuoni mwingine, alipinga, akasema amri ya Torati ni kumlilia Mungu wakati wa dhiki, na mpango wa kila siku ni wa wanazuoni. Ila wote wawili walisali mara tatu. Aliyekosa sala moja kwa kusahau husali Amida mara mbili katika sala inayofuata, ya kwanza ya saa hiyo, ya pili ya fidia.

Asiye Myahudi hana wajibu huo, na Amida imejaa "Mungu wa baba zetu" na maombi ya kukusanywa kwa Israeli ambayo si yake kuyasema. Achague Zaburi au maneno yake mwenyewe. Sulemani alipoweka wakfu Hekalu (1 Wafalme 8:41–43) aliomba wazi kwamba sala ya mgeni aliyetoka nchi ya mbali isikilizwe.

Kuhusu nguvu, Mishna (Brakhoti 9:3) inaweka mpaka: kuomba jambo lililokwisha kutokea libadilike ni sala ya bure. Mfano wake ni wa mtu anayerudi mjini akasikia kelele za kilio, akasema "isiwe nyumbani kwangu". Kelele zimekwisha kutokea. Aombee walio hai na kinachokuja. Na Brakhoti 32b inaonya kwamba anayerefusha sala akitazamia jibu kwa sababu ya urefu huo mwisho wake ni maumivu ya moyo. Urefu haununui kitu. Rabi Eliezeri alikuwa na wanafunzi wawili waliosalisha, mmoja akirefusha, mwingine akifupisha, wenzao wakalalamika. Akajibu: huyu amerefusha kuliko siku 40 za Musa? Na yule amefupisha kuliko Musa alipomwombea Miriamu? Sala hiyo ya Hesabu 12:13 ina maneno matano tu ya Kiebrania. Musa hakumtaja hata jina, na hapo ndipo ilipotoka kanuni kwamba mgonjwa akiwa mbele yako huna haja ya kumtaja.

Mpango tunaoupendekeza kwa Myahudi anayeanza: mwezi wa kwanza Amida ya asubuhi peke yake ikazwe, baraka ya kwanza kwa mwendo wa nusu, na ombi moja la kweli katika ya 16, huku sala mbili nyingine akizisali kadiri awezavyo. Usiku, zaburi moja. Mwezi wa pili aongeze dakika 15 za hitbodeduti, na yale yatakayojitokeza humo ayapeleke kesho yake katika "Sikia sauti yetu". Hivyo Amida haitakauka, na mazungumzo ya usiku hayatakuwa bila nguzo.

Na kama umenaswa mahali pa hatari, barabarani au mbele ya chumba cha upasuaji, wala akili haitulii? Hapo usichague yoyote kati ya hizi. Rabi Yehoshua, katika Mishna ya Brakhoti 4:4, anaagiza sala fupi: sentensi chache za kuomba wokovu, hata ukiwa unatembea. Ukishafika nyumbani na akili ikapoa, kama saa ya sala haijapita, simama usali Amida kamili.